Gonga Mara Moja

Kuna watu wanaodhani kwamba kuuza ni kusema sana. Watu hao hawajawahi kumuuzia kitu mwanamke aliyesimama kwenye sinki la jikoni kwa watu, simu ameibana ndani ya kilemba karibu na sikio, mikono imejaa povu, na madam yuko chumba cha pili anauliza mbona chai haijaja. Mtu kama huyo humuuzii kwa porojo. Una pumzi chache tu za kumwambia unauza nini, ni bei gani na utakuja lini. Ukianza na "habari za siku nyingi, dada yangu mpendwa," atakuwa amekata simu kabla hujafika kwenye mpendwa.

Danson Musili aliyajua hayo kwa kuyafanya, hakufundishwa na mtu. Alikuwa Mkamba wa Mwingi, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake, na alikwenda Riyadh kupakia mizigo. Kampuni iliyomleta ilisafirisha maboksi. Wanawake wa Kenya wanaofanya kazi majumbani hununua blanketi, sufuria, viatu vya watoto na maziwa ya unga, wanajaza boksi kidogo kidogo chini ya kitanda, na likijaa wanampigia mtu wa maboksi aje kulichukua. Boksi linapitia ghala la Sulay, pembezoni mwa Riyadh, linateremka kwa lori hadi bandari ya Jeddah, linavuka bahari mpaka Mombasa, na hatimaye linafika kwa mama kijijini. Danson alikuwa pale Sulay akiyabeba mgongoni. Mwuzaji alikuwa Titus, aliyekaa kwenye kiofisi cha mtaa wa Batha juu ya duka la mablanketi, akipiga simu tangu asubuhi.

Titus alikuwa mtu mzuri sana, ila mdomo wake haukuwa na breki. Angemsalimia mteja, amuulize ya nyumbani, amwombee, amsimulie boksi la jirani lilivyofika likiwa zima, na wakati anakumbuka kutaja bei, mteja ameshaitwa na madam. Wanawake walimpenda, lakini maboksi hayakuja. Siku mkataba wake ulipokwisha akarudi Machakos, na kwa kuwa hakukuwa na Mkenya mwingine karibu, bosi wao Abu Fahad alimwita Danson kutoka ghalani na kumkabidhi simu. "Yalla, ongea," alimwambia, basi. Hiyo ndiyo semina pekee ya mauzo aliyopata kuhudhuria.

Mteja wake wa kwanza alinong'ona maneno mawili: "Siwezi kuongea." Titus angesema pole kwa dakika nzima. Danson, ambaye naye hakuwa na maneno ya kupoteza, alimjibu, "Basi usiongee, dada. Mimi nitauliza. Kama ni ndiyo, gonga simu na kucha mara moja. Kama ni hapana, gonga mara mbili. Boksi liko tayari?" Akasikia tk. "Ni kubwa?" Tk. "Nije Jumatano?" Tk-tk. "Nije Alhamisi?" Tk. Akataja bei, akafunga mdomo. Alitaka kuongeza kwamba bei hiyo ni nzuri, na kwamba mafuta yamepanda, lakini alijua kila neno atakaloongeza litamfunika yule mwanamke asiweze hata kugonga. Akanyamaza. Tk.

Habari zilisambaa kwenye magrupu ya simu ya akina dada. Hata kabla Ramadhani haijafika, kila jiko lenye Mkenya lilikuwa linamjua Danson wa kugonga. Alijifunza kazi hiyo kama mtu anavyojifunza kutembea gizani nyumbani kwake, kwa kujigonga kwanza. Kuna siku alimuuliza Roseline, dada mmoja wa pale pale Riyadh, "Boksi tuliteremshe Kisumu au Kakamega?" Roseline akagonga mara moja. Danson akaandika Kisumu. Mama yake Roseline akaenda kituoni Kakamega, akarudi mikono mitupu, akaenda tena, na blanketi zake zote zilikuwa zimelala Kisumu kwa watu asiowajua. Roseline alipopata nafasi ya kuongea alimpa Danson maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu hapo hakuuliza tena swali lenye "au" ndani yake. Swali moja, jambo moja, kisha kimya. Na kile kimya alikiheshimu. Alisema ni cha mteja, mwuzaji hana ruhusa ya kukaa ndani yake.

Kulikuwa na pengo moja katika ule utaratibu, nalo hakulijali. Hakukuwa na namna ya kugonga sijui. Mwanamke asiyejua alikaa kimya tu, na Danson alihesabu hiyo kuwa hapana, akaenda kwa mwingine.

Alikuwa na sharti jingine, na hili lilikuwa la heshima. Hakumwomba mteja picha, hata mmoja. Wanaume wanaojidai wanauza kitu halafu wanaomba picha walikuwa wanajulikana, na majina yao yalipitishwa kwenye magrupu upesi kuliko bei ya mchele. Danson alijua jina lake ndilo mtaji wake. Alikuwa na mamia ya sauti kichwani na sura hakuna.

Mojawapo ya sauti hizo ilikuwa ya Valary Nekesa wa Webuye, aliyefanya kazi Jeddah, ambako dereva wa lori la kampuni ndiye aliyechukua maboksi.

Mara ya kwanza alimpata kama wengine wote, kwa kugonga. Boksi, tk. Jumapili, tk. Lakini baada ya kama wiki hivi alipiga mwenyewe, alasiri, saa ile ambayo nyumba za huko hulala usingizi wa mchana na mfanyakazi anapata kipande cha wakati. Alinong'ona, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya marumaru tupu na sauti ilisafiri hadi chumba cha madam.

"Mimi ni yule wa boksi ya Webuye."

"Kuna shida na boksi, dada?"

"Hakuna. Nilitaka tu kukusikia. Wewe ndiye mtu mmoja huku anaongea kama hana haraka."

Danson, bingwa wa swali moja jambo moja, alirudi kwenye kazi yake. Alimuuliza kama angependa kuweka nafasi ya boksi lingine. Valary alicheka kwa pumzi tu, bila sauti, akasema, "Haya, Mkamba. Weka."

Wakaanza hivyo. Kila alasiri nyumba ile ikilala, simu ya Batha ililia. Valary hakuwa amekanyaga barabara tangu aletwe. Aliingia nyumba ile kwa gari na alitoka kwa gari, na mji aliuona kupitia vioo tu. Akamwomba Danson amwambie Batha, lakini amwambie vizuri, ili aweze kuitembea. Danson akamwambia. Ukitoka kwenye mabasi, shika kulia. Kuna mtu anauza vipochi vya simu kwenye meza ya kukunja. Mpite. Kuna duka la kutuma pesa lenye foleni ya Wanepali. Usivuke hapo, vuka mbele, palipo na muuza mahindi ya kuchemsha. Harufu ya hewa inabadilika hapo, inakuwa ya ubani na ya mafuta ya gari pamoja. Panda ngazi ya chuma. Mlango wa kijani. Nimefungua.

"Nimeingia," Valary alinong'ona.

Naye alimlipa kwa Webuye. Alimwambia vilima vya Chetambe asubuhi mvua ikiwa imenyesha, matope mekundu yanavyoshika kiatu yasikiachie, mwanawe Ian anavyokula mapera mabichi mpaka tumbo linamkataa. Picha aliyoiweka kwenye namba yake ilikuwa ya Ian huyo, akiwa na sare ya shule iliyomzidi mabega. Baba yake mtoto alishakwenda zake kitambo. Danson aliitazama ile picha mara nyingi, akitafuta kwenye uso wa mtoto pua ya mama, macho ya mama, chochote. Angeweza kumwomba picha yake. Valary mwenyewe aliwahi kumchokoza, "Wewe huwezi hata kuuliza nakaa aje?" Danson akajibu kwamba yeye huwa haombi wateja picha. Alijivunia lile jibu siku nzima, na kwa wiki nyingi baadaye alijiona mjinga.

Alimtamani. Hakuna haja ya kulizungusha. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mke, na alimtamani mwanamke ambaye angepita naye bega kwa bega dukani asimtambue. Kwa akina dada wengine aliendelea kuwa na maneno yaliyonyooka. Kwa Valary alizunguka mbuyu. Akitaka kusema amemkosa, alisema leo simu haikulia sana. Akitaka kusema anampenda, alimuuliza kama amekula. Valary alimwacha kidogo halafu akauliza, "Danson, hakuna kitu unataka kuniuliza?" Naye kila mara akajibu hakuna, yuko sawa.

Sababu aliijua. Kanuni yake ya kwanza ya kuuza, kabla ya zile nyingine zote, ilikuwa hii: usiahidi kitu ambacho huna ghalani. Na yeye ghala lake lilikuwa tupu. Nyumba aliyokuwa anaijengea mama yake Mwingi ilikuwa imesimama usawa wa dirisha. Shamba hana. Sasa amuulize mwanamke mwenye mtoto nini, na akiulizwa utanipeleka wapi ajibu nini?

Kisha Abu Fahad akataka kufungua stoo ndogo Jeddah, karibu na bandari, na akatafuta mtu wa kuisimamia. Danson aliinua mkono kabla sentensi haijaisha. Aliwaambia wenzake wa Sulay kwamba vumbi la Riyadh linamuumiza kifua. Walimtazama, wakacheka, wakamsaidia kufunga begi. Kwenye basi, jangwa lote lile, alikuwa anafanya mazoezi ya swali moja chini chini, na abiria wa pembeni akadhani anasali.

Jeddah ilimpokea kwa joto la unyevu lililomgandisha shati mgongoni. Lakini alikuwa mji mmoja na Valary! Alimpigia alasiri ya kwanza, akamwambia, "Nipo Jeddah." Valary akanong'ona, "Nimefurahi sana. Nimemwaga dengu." Danson alicheka peke yake stoo nzima.

Lakini mji mmoja ni nini, kama ukuta ni ule ule? Aliendelea kuwa sauti ndani ya kilemba. Nafasi moja tu ilipatikana. Ijumaa moja jioni familia ya madam ilikwenda ufukweni kwenye bustani za baharini, na Valary alikwenda nayo kushika mtoto. Akamwambia Danson aende. Danson akavaa shati lake la kijani, akapiga pasi hadi kola ikawa ngumu.

Ufukwe ulijaa. Familia zilikuwa zimetandika mikeka kila mahali, na kando ya kila mkeka kulikuwa na mfanyakazi, na kila mfanyakazi alivaa gauni refu na kilemba. Akampigia. Madam alikuwa karibu, kwa hiyo ikawa ni kugonga.

"Uko upande wa msikiti?" Tk.

Akatembea. "Umebeba mtoto?" Tk. Aliinua macho, akaona wanawake waliobeba watoto kila upande. "Kilemba chako cheusi?" Tk-tk. "Cha kijivu?" Tk. Walikuwa wachache sasa. Moyo ulikuwa unamdunda masikioni mpaka akaogopa hatasikia kugongwa. "Unaniona?" Tk. "Geuka basi nikuone." Kimya. Mwanamke hawezi kugeuka tu na kumtazama mwanamume mbele ya madam wake, na Danson alilijua hilo mara tu alipolisema. Akasimama pale kama nguzo. Wanawake watatu wenye vilemba vya kijivu walikuwa mbele yake, mmoja anamnyonyesha mtoto chupa, mmoja anafuta juisi mkekani, mmoja amempa mgongo anatazama maji. Gari likaja, watu wakapanda, mikeka ikakunjwa, na aliporudi kutazama walikuwa wawili.

Kesho yake alasiri Valary alisema, "Nilikuona. Shati ya kijani. Wewe ni mwembamba kuliko sauti yako."

"Wewe ulikuwa yupi?"

"Yule alikuwa anaangalia maji," akasema. "Ningekuangalia tena ningelia, na ningemwambia madam nini?"

Danson alikaa na mgongo huo kwa miezi. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha mwili wake: mgongo, kilemba, na kisigino kimoja kilichotoka nje ya kandambili.

Mwaka ulipokuwa ukingoni mambo mawili yalikuja pamoja. La kwanza, Abu Fahad alikuja Jeddah, akala tende stoo, akamwambia kazi imemridhisha. Ikama yake, kibali cha kukaa nchini, ilikuwa inakaribia kuisha. Alitaka kuihuisha na kumpa miaka miwili zaidi, awe mkuu wa Jeddah, na mshahara wa kumalizia ile nyumba ya mama hadi bati. "Niambie ndiyo au la," alisema. Danson akasema atafikiri. La pili, Valary aliagiza boksi, na akalitaja kwa jina ambalo kila mtu wa kazi ile analijua na hakuna anayelipenda likitoka kwa mtu wake. Alisema, "Hii ni ile ya mwisho."

Boksi la mwisho maana yake mkataba umekwisha na tiketi imekatwa. Nguo zake mwenyewe zimo humo. Anabaki na mkoba wa mkononi na gauni la kusafiria.

Siku ya kulichukua Danson alikwenda mwenyewe na gari. Ulikuwa ukuta mrefu rangi ya mchanga, geti la chuma, dirisha moja dogo juu lenye feni ya kutolea moshi wa jikoni. Ndege ilikuwa kesho yake asubuhi. Alizima injini, akapiga.

"Madam yuko hapo?" Tk.

"Boksi liko tayari?" Tk. "Umelifunga kwa kamba?" Tk. "Kuna vya kuvunjika?" Tk-tk. "Dereva wa nyumba atalileta?" Tk.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Mteja mwingine yeyote angeambiwa asante. Danson alishika usukani kwa mikono yote miwili, simu imebanwa begani, akatazama ile feni ikizunguka. Nyuma ya feni hiyo, hatua chache tu, kulikuwa na huyo mtu. Aliwaza miaka miwili ya Abu Fahad, aliwaza bati za Mwingi, akatafuta swali ambalo angeweza kulitimiza, swali la kweli, lisilo na "au," lisilo na ahadi ya hewa. Akalipata.

"Valary. Nikikaa hapa miaka miwili nijipange vizuri, utaningoja?"

Akafunga mdomo. Kile kimya kilikuwa chake Valary, naye Danson hakukiingilia, ingawa alitamani kuingia ndani yake na kupiga magoti. Geti likafunguka. Dereva wa nyumba akatokea anasukuma boksi kwa goti. Feni ikazunguka.

Tk.

Alivuta pumzi, na pumzi hiyo haikufika popote, kwa sababu lilifuata pigo la pili. Tk.

"Asante, dada," Danson akasema, kama alivyowaambia wote. "Nimeelewa. Safari njema." Sauti yake ilitoka vizuri, bila mkwaruzo. Akashuka, akalipokea boksi, akaliandika jina kwa kalamu nene, Valary Nekesa, Webuye, na namba ya simu ya mama yake, kwa herufi kubwa ambazo hata mpakiaji mwenye usingizi asingezikosea. Aliliweka kiti cha mbele. Njia nzima alikuwa anakwepa mashimo.

Kesho yake asubuhi namba ya Valary ilizimika.

Boksi linapokuwa baharini hakuna la kufanya ila kungoja, na ule ulikuwa msimu mbaya wa Danson Musili. Alasiri nyumba za Jeddah zililala na simu haikulia. Alijikuta anaiambia stoo tupu njia ya kutoka kwenye mabasi ya Batha mpaka mlango wa kijani. Abu Fahad alipiga kila wiki kuulizia jibu lake, na yule Danson aliyechukia maneno ya ukungu akawa mfalme wa ukungu: bukra, kesho baba, inshallah, baba, nafikiri, baba. Hakuwa anafikiri. Alikuwa anasikiliza lile pigo la pili likigongwa, tena na tena, akitafuta kama lilikuwa hafifu kuliko la kwanza. Halikuwa hafifu.

Katika kampuni yao kulikuwa na desturi ya kumpigia mpokeaji kuthibitisha kwamba boksi limefika. Danson ndiye aliyeianzisha. Siku iliposemekana maboksi ya Webuye yameshushwa, angeweza kumwachia kazi hiyo mtu wa Mombasa. Hakumwachia. Alipiga namba ya mama yake Valary.

"Haloo! Nani?"

Aliiondoa simu sikioni. Ilikuwa sauti kubwa, pana, ya mtu anayezoea kumwita mtoto aliye ng'ambo ya shamba. Nyuma yake kuku walikuwa wanagombana.

"Naitwa Danson, wa maboksi, Jeddah. Naomba kuongea na Valary."

"Si ndiye mimi!"

Danson alikaa juu ya katoni. Muda wote ule hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Aliyempenda alikuwa mnong'ono, na alikuwa ameufanya mnong'ono ule kuwa mtu mzima, mpole, mwenye kichwa kilichoinama. Huyu alikuwa mwingine. Alitaka kumrudisha yule wa kwanza, na papo hapo alitaka huyu aendelee kupaza sauti hivyo hivyo.

"Boksi limefika?" akauliza, kwa kuwa ndilo swali alilokuwa nalo.

"Imefika! Hata sufuria hazijabonyea. Ian amevaa viatu hadi kitandani." Kisha sauti ikashuka kidogo, lakini haikurudi kuwa mnong'ono. "Nilijua utapiga, Mkamba. Nimekaa na simu ya mama wiki mzima."

"Nilidhani ulinikataa."

"Mimi nilikataa kungoja. Miaka minne nimengoja madam aamke, madam alale, mshahara, likizo. Mtoto wangu ameota meno kwa simu, ameng'oa kwa simu. Halafu unasimama hapo geti unaniuliza kama nitangoja tena? Na wewe pia kwa simu?" Alivuta pumzi. "Uliuliza vizuri, nikakujibu vizuri. Hukuniuliza kitu ingine."

Kwa mara ya kwanza tangu apewe simu na Abu Fahad, Danson aliona kwamba mtu anaweza kuuliza kwa maneno yaliyonyooka kabisa na bado akauliza kisicho chenyewe. Pale getini alikuwa amemuuliza mwanamke kama atabeba mzigo. Akashika simu kwa mikono miwili.

"Nisipoandika mkataba mwingine," alisema polepole, "nikirudi mwaka huu, nyumba ya mama haijaisha, sina shamba, nije hapo Webuye nilivyo. Utanikubali?"

Akanyamaza. Alisikia kuku. Alisikia mtu anapasua kuni, na mtoto anasoma kwa sauti kitu cha shule, anakosea, anarudia. Sikio lake, kwa mazoea, lilikuwa linatafuta ukucha.

"Sijui," Valary akasema.

Danson hakuwa na mahali pa kuliweka neno hilo. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Kumbe wote wale aliowahesabu kuwa hapana na kuwapita, huenda walikuwa wamesimama pale sinki na neno hili mdomoni, hawana namna ya kuligonga.

"Sijui, Danson, nakwambia ukweli. Mimi najua sauti na shati ya kijani. Sijawahi kukuona ukikula. Sijui ukikasirika unakaa aje. Na wewe hunijui, hata nimeona umeshtuka vile naongea." Akacheka, na safari hii kicheko kilikuwa na sauti, kikamjaa Danson kichwa kizima. "Kuja kwanza. Ukae hapa kwa kiti, tuongee kama watu. Halafu uniulize tena."

Walipoagana Danson alibaki ameshika simu iliyokwisha kupoa. Nje lori lilikuwa linapiga honi lifunguliwe mlango. Hakuwa na jibu mkononi, hakuwa na chochote cha kuweka ghalani, na alimtamani yule mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko alivyowahi kumtamani yule wa kilemba cha kijivu. Ilimuuma sana, na hakutaka iache.

Alilifungulia lori. Kisha akampigia Abu Fahad.

"Ha, Danson," bosi akasema. "Leo usiniambie bukra. Unaendelea na mimi?"

"La, baba," Danson akasema. "Nataka kurudi nyumbani." Alitamani kuongeza shukrani, na mama, na kile kifua cha vumbi la Riyadh. Akafunga mdomo, akamwachia Abu Fahad kimya chake.